Kupunguza kubeti: kinachopungua ni nini hasa?

Mtu anayebeti kila siku akikwambia "siku hizi nimepunguza", muulize amepunguza nini. Mara nyingi atakutajia dau. Alikuwa akiweka shilingi 5,000 kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubeti mechi moja au kadhaa kwa pamoja, sasa anaweka 500. Ukimdadisi zaidi unakuta mkeka wa 5,000 ulikuwa mmoja tu, wa Jumamosi, na hizo 500 sasa zinaingia kwenye kindege, ule mchezo wa simu ambamo kindege hupaa malipo yakipanda nawe utoke kabla hakijatoweka, raundi baada ya raundi, tangu saa tatu usiku hadi usingizi umchukue. Dau limeshuka mara kumi, na hela inayoondoka imeongezeka. Hajakudanganya. Amepima kitu ambacho si chenyewe.

Makala haya yanamhusu mtu wa aina hiyo: ana kazi au biashara, anabeti kwa simu mara kwa mara, hana nia ya kuacha kabisa, lakini ameshaona kwamba jambo linaanza kuzidi. Najua wapo watakaosema mtu huyo aambiwe aache, basi. Kwa Mwislamu mjadala wa kiasi haupo, aya ya 90 ya Sura al-Maida imeshaufunga, na yapo makanisa yenye msimamo huohuo. Lakini wanaobeti wapo, tunaishi nao, na wengi hawaachi kwa kuambiwa waache. Ukimpa mtu njia mbili tu, aache leo au aendelee kama jana, kwa kawaida atashika ya pili.

Wala kupunguza si ndoto. Mwaka 2010 mtafiti Wendy Slutske na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Australia kuhusu watu waliowahi kufikia kiwango cha ugonjwa wa kamari. Miongoni mwa waliopona, walio wengi walikuwa bado wanacheza, ila kwa kiasi. Huko Quebec, Kanada, mwanasaikolojia Robert Ladouceur aliwatibu wagonjwa kwa lengo la kucheza kwa kiasi badala ya kuacha. Wapo walioweza. Lakini wengi wao, bila kulazimishwa, walibadili lengo wakiwa katikati ya matibabu wakaamua kujaribu kuacha kabisa. Nitalirudia hili baadaye, maana lina uzito.

Cha juu cha kampuni

Ili ujue cha kupunguza, lazima ujue hela ikitoka mfukoni kwako inapita wapi. Tuchukue jambo lenye nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Odds zake za haki, yaani namba inayozidisha dau lako ukishinda, ni 2.00: unaweka 1,000, ukipata unachukua 2,000. Kampuni haitakupa 2.00, itakupa 1.90 hivi. Hiyo tofauti ndogo ndicho cha juu chake. Ukibeti hivyo muda mrefu, kila 1,000 uliyoweka inakurudia kama 950. Shilingi 50 kwa mechi ya dakika 90, mtu ukiwa umekaa roho juu, si bei mbaya ya burudani. Soda utakayokunywa huku ukitazama ni ghali zaidi.

Sasa weka mkeka wa mechi kumi za namna hiyo, ambao unalipa zikikubali zote. Watu wengi hudhani cha juu kinabaki kilekile, ni ushindi tu unaokua. Hapana, nacho kinazidishwa pamoja na odds. Odds za mkeka wako zitakuwa kama 613, na macho yanaona 613,000 kwa dau la 1,000. Lakini nafasi ya sarafu kukuangukia vizuri mara kumi mfululizo ni moja katika 1,024, hivyo malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Kampuni imebaki na zaidi ya 400,000 za ushindi wako kabla kodi haijagusa kitu. Kwa wastani, ile 1,000 uliyoweka thamani yake ni kama 600. Kwa mechi moja ulikuwa unalipa shilingi 50, kwa mechi kumi unalipa 400, na dau ni lilelile. Jakpoti ya mechi 13 yenye matokeo matatu kila mechi ina michanganyiko 1,594,323. Ya mechi 17 ina zaidi ya milioni 129.

Utasema: lakini mimi sichagui sarafu, nachagua timu za uhakika. Vizuri, tuchague za uhakika. Chukua timu kumi za odds 1.25, kila moja ikiwa na nafasi ya kushinda asilimia 77. Katika mikeka 100 ya namna hiyo, takribani 7 itatiki, yaani timu zote zitashinda. Na mikeka mingapi itachanwa, yaani itaharibika, kwa timu moja tu? Kama 22. Maana yake, kwa kila mkeka uliotiki kuna mitatu ambayo timu moja, moja tu, ndiyo iliyokuharibia siku.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhikwa. Mtu anatoka kwenye mkeka uliochanwa na goli la dakika ya 93 akiamini kwamba alikuwa karibu, kwamba anaujua mpira, kwamba wiki ijayo ni yake. Kumbe kukosa kwa timu moja ndiyo tabia ya kawaida ya mkeka mrefu. Hesabu yenyewe ndiyo inayozaa hizo karibu-karibu, na inazizaa nyingi kuliko ushindi. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kubahatisha ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipokosa kidogo, sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda nazo ziliamka, na hamu ya kuendelea ikapanda, ijapokuwa walikuwa wameliwa kama waliokosa kwa mbali. Kwa hiyo yule anayehifadhi picha za mikeka iliyochanwa na timu moja akidhani ni ushahidi wa kipaji chake, anahifadhi kilekile kinachomrudisha kila wiki.

Asilimia 97 ya nini?

Wanaotetea kindege husema kinarudisha zaidi kuliko mkeka. Ni kweli, na ndiyo maana kinahitaji maelezo yake. Aviator, mchezo uliovumisha mtindo huu, ulitolewa mwaka 2019 na Spribe, kampuni iliyotokea Georgia, na kiwango chake cha kurudisha kinatajwa kuwa asilimia 97. Cha juu ni asilimia 3 tu, chini ya kile cha mechi moja ya mpira.

Swali ni asilimia 97 ya nini. Ni ya kila dau, si ya hela uliyoingiza. Tuseme umeweka 10,000 kwenye akaunti na unacheza 500 kwa raundi, raundi mbili kwa dakika. Kwa saa moja umezungusha raundi 120, yaani madau ya 60,000, ijapokuwa mfukoni ulitoa 10,000 tu. Hela ileile imepita mlangoni mara sita, na kila ikipita inakatwa. Asilimia 3 ya 60,000 ni 1,800 kwa saa. Yule aliyeweka 500 yake kwenye mechi moja ya Simba au Arsenal analipa wastani wa shilingi 25, na burudani yake ina saa mbili. Na hiyo 1,800 ni wastani: kuna usiku utatoka na faida, na kuna usiku salio litaisha ndani ya dakika ishirini kisha mkono uende wenyewe kwenye menyu ya kuongeza hela.

Kutoka mapema, malipo yakiwa yamefika mara 1.10 au 1.20 ya dau, hakubadilishi hesabu hiyo. Kunabadilisha tu sura ya kuliwa, ushindi mdogomdogo mwingi kisha pigo moja linaloufuta wote. Na wale wa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram wanaouza "signal" za kindege, yaani utabiri wa kitatoweka wapi, ningependa tu mtu awaulize kwa nini wanauza kwa buku kumi kitu ambacho kingewatajirisha wakiwa wamelala.

Kwa hiyo kama ni mimi ninayepanga, cha kwanza kuondoka ni kasi, kabla hata ya kugusa dau. Kindege, mechi za virtual, za kompyuta, zinazoisha kwa dakika chache, na kubeti laivu mechi ikiendelea, vyote vina sifa moja: vinakupa nafasi ya kubeti tena kabla hujapoa. Mechi ya mpira iliyochaguliwa asubuhi na kuchezwa jioni inakulazimisha kusubiri, na kusubiri ndiko kunakolinda mfuko. Mtu akiondoa vya haraka akabaki na mpira, bila kubadili dau hata senti, anaweza kuwa ameshapunguza sehemu kubwa ya anachopoteza.

Cha pili ni urefu wa mkeka. Timu moja hadi tatu. Najua lawama itakayofuata: timu moja haina raha, 500 inakuletea 950, utanunua nini? Lawama hiyo ni ya kweli kabisa, na inakuonyesha kwamba ulichokuwa unanunua ni ndoto ya nyumba Kigamboni, wala si kubashiri mpira. Kama unaitaka ndoto hiyo, inunue kama tiketi ya bahati nasibu: mkeka mmoja mrefu kwa wiki, dau dogo kabisa, bila kukesha ukichambua takwimu za ligi ya pili ya Uturuki.

Kiasi ni kiasi gani?

Neno "kiasi" kila mtu analipima kwa kikombe chake. Kanada walijaribu kuliwekea namba. Mwaka 2021 kituo chao cha taifa kinachoshughulikia uraibu kilitoa mwongozo wa kucheza kwa hatari ndogo, uliotokana na takwimu za nchi kadhaa, na ndani yake mna mambo matatu yanayokwenda pamoja: usitumie zaidi ya asilimia 1 ya kipato cha kaya kabla ya kodi kwa mwezi, usicheze zaidi ya siku 4 kwa mwezi, na usiwe na aina zaidi ya 2 za michezo unayocheza mara kwa mara.

Yaweke kwenye maisha yetu uone yanavyobana. Kaya yenye kipato cha 600,000 kwa mwezi, asilimia 1 ni 6,000. Gawanya kwa siku nne: 1,500 kwa siku ya kubeti, kisha kimya wiki nzima. Anayebeti buku moja kila siku, na mtaani anahesabiwa kuwa mtu wa kiasi, anatumia 30,000, yaani asilimia 5. Amezidisha mara tano kwa hela, na zaidi ya mara saba kwa siku.

Mimi namba hizo nazichukua kama ukomo wa juu, na kwa kaya nyingi hata asilimia 1 inaweza kuwa kubwa. Anayehesabu unga kwa kilo hana asilimia ya ziada. Na kipato maana yake ni kile kinachobaki kuwa chako. Dereva wa bodaboda anayeshika 40,000 kwa siku hana 40,000: kuna hesabu ya tajiri mwenye pikipiki na kuna mafuta. Mwenye duka naye akihesabia mauzo badala ya faida, atabeti mtaji huku akijiona ana nidhamu.

Ukitaka kujua uko wapi leo, usiangalie historia ndani ya akaunti ya kubeti. Ile imejaa ushindi ambao ulishachezwa tena ukaisha. Chukua taarifa ya miamala ya M-Pesa, Airtel Money au unayotumia, miezi mitatu ya nyuma. Jumlisha kila kilichokwenda kwenye kampuni za kubeti, toa kila kilichorudi. Kinachobaki ndiyo bei halisi, na ndiyo namba pekee ya kuilinganisha na asilimia 1. Wengi wakifanya zoezi hili hukaa kimya kidogo.

Hela ipite njia yake

Uingereza, tangu Aprili 2020, imepiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo. Hoja ilikuwa nyepesi: mtu asicheze kwa hela ambayo hana. Huku kwetu mkopo unakaa ndani ya laini ileile inayolipia kubeti. Fuliza ilianza Kenya mwaka 2019, Tanzania kuna Songesha na ndugu zake, zote zikiwa zimebuniwa kukamilisha muamala salio linapopungua. Ni msaada mkubwa ukiwa unanunua dawa usiku. Ni hatari kubwa saa hiyohiyo ya usiku ukiwa umeliwa.

Ndiyo maana njia inayofanya kazi kuliko ahadi za moyoni ni kutenganisha laini. Laini moja ya maisha, nyingine ya kubeti, na hii ya pili isiwe na huduma yoyote ya mkopo. Mwanzo wa mwezi unaiwekea kiasi ulichopanga, ikiisha imeisha. Kampuni nyingi zinaruhusu akaunti moja tu kwa mtu, kwa hiyo ongea na huduma kwa wateja wakubadilishie namba au wafunge akaunti ya zamani, usifungue ya pili kimyakimya kisha ushindi wako uje kuzuiwa.

Ushindi nao upangiwe njia mapema, kabla haujaja. Hela iliyobaki kwenye akaunti ya kubeti haina jina lingine zaidi ya dau. Iliyokwenda kwenye kikoba, kwenye ada ya mtoto, au kwa mama kijijini, imetoka. Kwa msomaji wa Kenya kuna kipengele cha ziada: Sheria ya Fedha ya 2025 ilihamishia ushuru kwenye hela inapoingia kwenye akaunti ya kubeti, asilimia 5, na asilimia 5 nyingine hukatwa inapotoka. Ukiingiza 1,000 ukaitoa bila kubeti chochote, unapokea 902.50. Hiyo ni juu ya cha juu cha kampuni, na inafanya mtindo wa kuingiza na kutoa kila jioni kuwa ghali kuliko unavyoonekana.

Baadhi ya kampuni zina sehemu ya kujiwekea ukomo wa kuingiza hela kwa siku, wiki au mwezi. Uweke asubuhi ukiwa na akili zako, si usiku baada ya kuliwa. Futa programu kwenye simu, ingia kwa kivinjari, usihifadhi nywila. Kila hatua ya ziada ni sekunde chache za kufikiri. Zuia na SMS zao: bonasi inayokuja saa ambayo hujabeti siku tatu haikuja kwa bahati, na karibu kila mara ina sharti la kuizungusha mara kadhaa kabla ya kutoa. Nguvu ya matangazo haya hata serikali zinaijua. Aprili 2025 Bodi ya Kenya ya kudhibiti kamari iliyasimamisha yote kwa siku 30.

Lipo sharti moja ambalo likivunjika mengine yote hayasaidii. Ukiliwa, siku hiyo imeisha. Ile sauti ya "nirudishe hela yangu kwanza, halafu nalala" ndiyo iliyomaliza mishahara mingi kuliko tamaa ya ushindi. Hela haikumbuki ilikuwa ya nani. Mchezo unaofuata una cha juu chake kilekile, isipokuwa wewe sasa una hasira na dau lako limekuwa kubwa.

Ambaye kupunguza hakumfai

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliihamishia kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Una dalili tisa, na mtu mwenye nne au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa mgonjwa. Miongoni mwake: kuhitaji dau kubwa zaidi ili upate msisimko uleule, kukosa utulivu unapojaribu kupunguza, kujaribu kupunguza mara nyingi na kushindwa, kubeti ukiwa na msongo, kurudi kesho yake kutafuta hela uliyoliwa, kuwadanganya watu wako, kuhatarisha kazi au ndoa, na kutegemea wengine wakuokoe na madeni. Aliyeanza kukopa kwa jina la ugonjwa wa mtoto, au kugusa hesabu ya tajiri, ameshavuka makala haya. Hata ule mwongozo wa Kanada unasema namba zake haziwafai wenye tatizo la pombe, wasiwasi au sonona.

Kati ya huyo na yule aliyezidisha kidogo kuna eneo pana, na ndipo yale ya wagonjwa wa Ladouceur, waliobadili lengo wenyewe, yanapokuwa na maana. Kupunguza ni kipimo pia. Weka ukomo wako, uandike, mwonyeshe mtu mmoja, upe miezi miwili. Ukiuvunja mwezi wa kwanza, urekebishe. Ukiuvunja na wa pili, umeshapata jibu ambalo hakuna dodoso lingekupa kwa uwazi hivyo, na lengo libadilike liwe kusimama kabisa, walau kwa miezi sita.

Kusimama kuna namna zake. Unaweza kuiandikia kampuni ikufungie akaunti kwa muda unaoutaja, ukahifadhi majibu yao. Uingereza wana mfumo mmoja, GAMSTOP, unaomfungia mtu kwenye kampuni zote za mtandaoni zenye leseni kwa ombi moja. Huku usidhani kufungiwa na moja kumekufungia na nyingine, iandikie kila uliyojisajili. Anayehitaji tabibu anaweza kuanzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu naye, au Muhimbili, au Mirembe pale Dodoma, na kwa aliye Nairobi kuna Mathari. Aende na ile taarifa ya miamala ya miezi mitatu mkononi, itamfupishia maelezo.